Alhamisi, Saa Tisa

Maruta, dari yangu ni sakafu yako,
kwa hiyo najua.
Najua saa nane za usiku mama yako huvaa viatu,
akaenda jikoni hadi dirishani, dirishani hadi jikoni,
akitangaza vituo:
Soko la Petro. Darajani. Kiwanda cha Chuma.
"Shukeni kwa mlango wa mbele, jamani, msisukumane."
Miaka thelathini na mmoja aliendesha tramu ya Liepaja,
na hadi leo hajachelewa kazini hata siku moja.

Nakusikia na wewe. Miguu mitupu.
Hubishani naye tena. Zamani ulibisha:
"Mama, ulistaafu. Mama, ni usiku."
Siku hizi unamuuliza nauli ni kiasi gani.

Tukipishana ngazini unasema, "Hatujambo."
Hatujambo! Kwa wingi, kama vile mko wengi.
Vifungo vya koti vimekosana matundu,
mkononi pakiti ya nepi za watu wazima,
maandishi umeyaelekeza mguuni.
Nami najibu kama mjinga: "Ukihitaji chochote, sema."

Sema! Nani husema?
Maji yamemfika kidevuni, afungue mdomo?

Acha nikutobolee. Baba yetu aliisha hivi hivi,
kule Kuldiga.
Dada yangu Velta ndiye aliyemwogesha,
ndiye aliyeitwa mwizi kwa kijiko alichokificha mzee mwenyewe.
Mimi nilipiga simu Krismasi.
"Mzee hajambo?"
"Hajambo."
"Na wewe?"
Hapana. Hilo la mwisho nimeliongeza sasa hivi,
kwa aibu. Sikuliuliza.
Siku ya mazishi nilimkuta Velta amekuwa mdogo,
kama sweta ya sufu iliyofuliwa kwa maji ya moto.
Watu wakampa mkono wa pole.
Alikuwa amefiwa miaka sita kabla, kidogo kidogo,
kwanza jina, kisha sura, kisha njia ya kwenda chooni,
na hakuna aliyemletea hata mkate.

Basi sikuulizi tena.
Alhamisi, saa tisa, nitabisha hodi mara mbili.
Nitavaa kofia yangu ya posta, mama yako anaheshimu kofia,
na mfukoni nitakuwa na sarafu.
Nitakaa kiti cha pili nyuma yake.
Akinishusha nitashuka, nizunguke meza, nipande tena.
Akiniita Ojars nitaitika. Ojars alikuwa nani?
Usiniambie sasa. Niambie siku utakayokuwa umelala.
Akilia, hapo sijui.
Nitamshika mkono, kama atanipa.

Wewe nenda. Sikupangii pa kwenda,
wala si lazima ukafurahi.
Ukitaka, nenda ufukweni ukautukane upepo.
Ukitaka, shuka kwangu, mlango sitaufunga,
paka hana neno, sofa ni fupi lakini nawe si mrefu.
Sufuriani kuna njegere za kijivu na nyama ya nguruwe.
Usioshe sahani. Nikikuta umeosha sahani tutagombana.

Rudi saa kumi na mbili. Au na nusu,
hiyo nusu sitaihesabu.
Mzigo siwezi kukutua, ni mama yako,
na najua usingekubali.
Nitashika ncha moja tu, ubadilishe bega.

Jana usiku tramu ilisimama ghafla juu ya kitanda changu.
Kimya.
Halafu sauti yake, safi, ya kazini:
"Wewe binti, mbona umesimama? Viti vipo."
Hukujibu.
Nililala macho wazi, nikisubiri
kusikia kiti kikilia, nijue umekaa.